Saga Bila Maziwa

Mgeni akifika Sirisia, magharibi mwa Kenya, hata kabla hajamaliza kueleza habari za safari, sufuria ya chai iko mekoni. Maji, majani, sukari na maziwa huchemka pamoja mpaka povu lipande. Kukikataa kikombe hicho si jambo dogo. Mama wa nyumba atajiuliza amekosea wapi, au kama mgeni amekuja na kinyongo. Ndiyo maana mtu ambaye tumbo lake haliyataki maziwa huinywa chai hiyo hadi tone la mwisho, huku akijua vizuri kitakachomfika baada ya saa moja au mbili: tumbo kunguruma, kujaa gesi, kisha mbio za chooni.

Watu wa namna hiyo ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Katika kila watu wazima 3 duniani, takriban 2 wana upungufu wa kimeng'enyo kinachovunja laktosi, ile sukari iliyomo ndani ya maziwa. Mtoto huzaliwa nacho, na kwa wengi hupungua akishaacha kunyonya. Mwaka 2007 mwanasayansi Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti walioufanya miongoni mwa jamii za Kenya, Tanzania na Sudan. Waligundua kwamba wafugaji wa ukanda huu walipata badiliko lao wenyewe la jeni, tofauti na lile la Wazungu, lililowawezesha kunywa maziwa hadi uzeeni. Badiliko hilo lina miaka elfu chache tu, na si kila mtu aliyelirithi. Kijana anayesema maziwa yanamsumbua hadeki, wala hajaiga mambo ya mjini. Anastahili kusikilizwa, na inauma kuona mtoto akichapwa kwa kumwaga uji wa maziwa ambao mwili wake umeshaukataa mara kumi.

Mfano mzuri umetoka magharibi hii hii ya Kenya. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta alikuwa mtoto ambaye mwili wake haukupatana na vyakula vya wanyama, maziwa yakiwemo. Akakulia kwenye mboga za kienyeji. Alipokwenda kusomea kilimo akakuta mimea iliyomlea inaitwa magugu. Tangu miaka ya 1990 ametafiti mnavu, saga, mrenda, mitoo na kunde, akakusanya mbegu zake, akafundisha wakulima namna ya kuzizalisha. Leo mboga hizo zinauzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi, ambako zamani mtu angeona haya kuziulizia.

Basi anayetaka kuacha maziwa Sirisia, au kufuata ulaji wa vigani, yaani kutokula chochote kitokanacho na mnyama, hana haja ya kupanda matatu hadi Kitale kutafuta maziwa ya lozi ya pakiti, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya maziwa ya ng'ombe. Chakula kiko shambani. Maharagwe, kunde, njugu, simsim, wimbi, viazi vitamu, ndizi: kuanzia Namwela hadi Malakisi mtu hukutana navyo kila siku ya soko.

Pagumu pako ndani ya chungu. Saga ni chungu, na wapishi wa Kiluhya kwa vizazi wameutuliza uchungu huo kwa maziwa. Mboga huchambuliwa, huchemshwa, maji yake humwagwa, kisha hutiwa maziwa na kulazwa hadi kesho yake. Ikipashwa moto siku ya pili huwa laini na tamu mno. Mtu akiambiwa ale saga bila maziwa hudhani ameadhibiwa.

Lakini njugu hufanya kazi hiyo hiyo. Zinakaangwa kwa moto mdogo mpaka maganda yaanze kuachia, zinapepetwa, zinatwangwa au kusagwa mpaka mafuta yatoke. Uji huo mzito unazimuliwa kwa maji ya moto kidogo na kumiminwa juu ya saga iliyokwisha kuchemka, kisha moto unapunguzwa. Baada ya dakika kumi mchuzi unageuka rangi ya udongo wa mto na kushika majani yote. Mrenda nao haudai maziwa hata kidogo. Unahitaji musherekha, yale maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, na katika majiko mengi bado yapo. Angalizo moja: njugu zilizoota ukungu zitupwe. Sumu ya ukungu haifi kwa kukaangwa.

Kwa chai, soya inatosha. Inalowekwa usiku kucha, inamenywa, inasagwa na maji, inachujwa kwa kitambaa safi, kisha inachemshwa kwa dakika 20 hivi huku ikikorogwa, kwa sababu soya mbichi huzuia mwili kumeng'enya protini. Tangawizi huondoa ile harufu ya maharagwe. Mtoto mchanga asipewe maziwa haya badala ya ziwa la mama.

Nyama ni mtihani mwingine. Kwa Wabukusu, Waluhya wa huku, ng'ombe ni undugu. Kila mwaka wa shufwa, msimu wa tohara ukifika, mvulana huenda kwa mjomba wake, huchinjiwa, na kipande cha nyama kiitwacho luliki huvishwa shingoni mwake. Hakuna maharagwe yatakayochukua nafasi hiyo, na mtu mzima anayekula mimea tupu hana sababu ya kuibeza siku ya mpwa wake. Anaweza kuhudhuria, akaimba, akasaidia kazi, akala ugali kwa kunde. Waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia hufunga nyama na maziwa siku nyingi za Jumatano na Ijumaa na katika mifungo mirefu, na majirani zao wasiofunga huendelea kuwaalika.

Kuna jambo moja lisilofaa kufichwa. Vitamini B12 haipatikani kwenye mboga wala njugu, na upungufu wake huharibu damu na neva polepole, bila kelele. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa viwandani uongezwe virutubisho, B12 ikiwa mojawapo. Lakini Sirisia wengi hubeba mahindi yao hadi kwenye kinu cha posho, na unga wa pale hautiwi kitu. Kwa hiyo anayeacha vyakula vyote vya wanyama amuone mhudumu wa afya, aulizie vidonge vya B12, hasa akiwa mjamzito au ananyonyesha. Hili lisiahirishwe hadi mikono ianze kufa ganzi.

Kwa asiye na nia ya kuacha chochote, kuna namna ya kumsaidia jirani. Maji na majani yakishachemka, kikombe kimoja humiminwa pembeni kabla maziwa hayajaingia sufuriani. Kinafunikwa kwa kisahani, na mgeni akifika anaulizwa tu: ya rangi, au ya maziwa?