Kiuno cha Mchimbaji

Msikilizaji, kule Nyarugusu, Geita, mtu aliyebeba viroba vya mawe kutoka duarani miaka mingi huuliza: je, sindano ya ganzi kwenye mshipa wa fahamu itanituliza kiuno? Niuze ng'ombe?

Ipo sindano ya majaribio. Daktari huchoma lignokeini, ganzi ya saa moja au mbili, penye mshipa anaoushuku. Mgonjwa ainame, atembee, ajipime mwenyewe. Maumivu yakipungua sana muda huo, kuna tumaini. Ila hata imani hutuliza maumivu, jamani! Ndiyo maana wataalamu hurudia siku nyingine kwa bupivakaini, ganzi inayodumu zaidi, waone kama nafuu nayo itarefuka. Yasipopungua hata kidogo, ng'ombe abaki zizini, mshipa mwenye kosa utafutwe kwingine.