Faida ya Kuchunguza Habari za Waliohamishwa kwa Nguvu



Nimetakiwa niseme habari za watu waondolewao makwao kwa nguvu, na faida ya kuzichunguza. Huenda mtu akauliza, uchunguzi waleta unga? Naomba mnisikilize kwanza, kisha mwamue.

Mwaka 1951 mataifa yalipatana mjini Geneva kueleza mkimbizi ni nani: mtu aliye nje ya nchi yake kwa kuogopa kuteswa kwa ajili ya kabila, dini, taifa, kundi au mawazo yake ya siasa. Mapatano hayo yalihusu mambo yaliyotukia kabla ya 1951 tu, hata mpaka huo ukaondolewa mwaka 1967. Afrika iliona nguo hiyo ni fupi. Mwaka 1969, mjini Addis Ababa, nchi huru za Afrika zikawaongeza wakimbiao mashambulio ya kigeni na machafuko makubwa. Na mwaka 1984, mjini Cartagena, nchi za Amerika ya Kilatini zikafuata njia kama hiyo. Tazameni basi jinsi maneno machache yawezavyo kumfungulia mtu mlango, au kumfungia.

Lakini wako wasiovuka mpaka wowote. Lilipojengwa bwawa la Kariba katika mto Zambezi, Watonga wapatao 57,000 waliondolewa. Wataalamu wawili, Elizabeth Colson na Thayer Scudder, walianza kuwachunguza mwaka 1956, kabla hawajahama, wakawarudia kwa miaka mingi. Ndipo ikajulikana kwamba taabu haiishi siku mizigo ishushwapo katika lori: mashamba ya kando ya mto yalikuwa chini ya maji, na mahali pa matambiko pamebaki nyuma.

Hapa kwetu pia, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu laki kadhaa walitoka majumbani mwao, na wengi walibaki ndani ya Kenya.

Katika daftari letu la misaada twaandika jina na shilingi tu. Naomba tuongeze mambo matatu: ametoka wapi, ameacha nini, na mwenyewe ataka nini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi yeye na aulizwe. Wajuao mipaka ya mashamba hayo wanazeeka, na siku ushahidi utakapotakiwa, maandiko yatamtetea mwenye haki. Lakini daftari hilo na lifungwe kwa kufuli, kwa maana jina likifika kwa aliyemfukuza mtu, huwa silaha.

Hilo ndilo ombi langu mbele yenu.