Ya Petroli ni ya Nani?

Masomo: Hesabu 27:1–11 na Yoshua 17:3–6

 

Leo nitaanza kwa kuungama. Hapa kisiwani Mfangano nilizika mtoto mchanga. Mama yake alishikwa na uchungu usiku, na uchungu ukawa mgumu. Vijana wakambeba kwa machela kutoka mlimani hadi ufuoni. Ninyi mnaokaa mahali penye barabara, fikirini kidogo hali yetu. Sisi tumezungukwa na maji pande zote. Mgonjwa wa kupasuliwa ni lazima avushwe ziwa mpaka Mbita, na pengine apelekwe mbele hadi mjini Homa Bay. Usiku ule boti ilikuwapo, injini ilikuwapo, na nahodha alikuwa tayari. Kilichokosekana ni petroli. Watu wakaenda nyumba kwa nyumba wakichanga, huyu shilingi hamsini, yule mia. Fedha zilipotosha, upepo ulikuwa umekwisha kuchafua ziwa, ikabidi wangoje alfajiri. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Siku ya mazishi nilihubiri kutoka kitabu cha Ayubu, ya kwamba uhai wetu ni mali ya Mungu. Watu wakaitikia Amina. Ibada ilipokwisha, mama mmoja mzee wa kanisa letu akanijia polepole akaniambia, "Pasta, ya Mungu nimeyasikia. Ya petroli ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mama, hayo ni mambo ya siasa." Akanitazama, akajifunga leso yake vizuri, akaenda zake. Ndugu zangu, usiku ule sikulala. Nilijua ya kuwa nimemtwika Mungu mzigo ambao sehemu yake ilikuwa yetu sisi wanadamu.

Ndipo nikafungua kitabu cha Hesabu, sura ya ishirini na saba. Pale twasoma habari za binti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa jangwani bila kuacha mtoto wa kiume. Kwa desturi ya wakati ule, nchi ingegawanywa na jina la baba yao lingepotea, nao wasipate kitu. Walifanya nini? Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, na Eleazari kuhani, na wakuu, na mkutano wote, wakasema shauri lao. Musa hakuwafukuza. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, naye Bwana akahukumu kwamba wanawake hao wamesema haki. Tena akaifanya hukumu ile kuwa sheria kwa Israeli yote. Kwa hiyo wanawake wengi waliozaliwa baadaye walirithi kwa sababu hao watano walisimama.

Angalieni kwanza jinsi walivyosema. Katika kitabu hicho hicho twawaona watu wa namna tatu. Wako walionung'unika hemani mwao, kila mtu na jirani yake, bila kumfikia mwenye kutoa jibu. Yuko Kora na wenzake, waliotaka kumwangusha Musa ili wakae mahali pake. Na wako hawa binti watano. Hawakunung'unika pembeni, wala hawakutaka kiti cha mtu. Walimwendea anayehusika, mchana, mbele ya watu wote. Hata juu ya baba yao hawakusema uongo. Walikiri kwamba alikufa kwa dhambi yake mwenyewe, ila hakuwa katika kundi la Kora. Mwenye kudai haki kwa kusema kweli, hata ile kweli isiyompendeza, neno lake lina uzito.

Sisi wa Nyanza jambo hili si geni kwetu. Mwezi wa Desemba mwaka 1921, watu walikusanyika Lundha katika nchi ya Gem. Wengi wa viongozi wao walikuwa walimu na Wakristo waliosoma katika shule yetu ya misheni ya Maseno, na Jonathan Okwiri akawa mwenyekiti wao. Mwaka uliotangulia nchi ilikuwa imefanywa koloni, nao waliogopa kunyang'anywa mashamba. Kodi ya nyumba ilikuwa imepandishwa, na wanaume walilazimishwa kubeba kipande. Mkutano ule watu wakauita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Mwezi wa Julai 1922 Gavana Northey mwenyewe alifika Nyahera kuwasikiliza.

Mwaka 1923 Archdeacon Owen wa kanisa letu aliingia katika uongozi, na chama kikageuka kuwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo. Kiliandika barua na maombi kwa serikali. Wakati huo huo wanachama walijifunga kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti nyumbani kwao. Nalipenda sana jambo hilo. Mtu aliyekwisha kuchimba choo chake ana uso wa kumwuliza mkubwa habari za hospitali. Owen naye alipata matusi mengi kutoka kwa walowezi kwa kutetea wanawake na watoto waliolazimishwa kufanya kazi ya barabara. Hata hivyo, wako wanaosema kwamba kasisi alipoketi kitini, makali ya chama yalipungua. Nadhani wana sehemu ya kweli. Sisi wachungaji tuna tabia ya kuitwa kusaidia, kisha tukajikuta tumeshika usukani.

Basi wakazi wa upande wetu walipokutana chini ya mti ili kuunda chama, walitaka niwe mwenyekiti. Nikawakumbusha habari hiyo, nikakubali kazi ya kuandika barua tu. Mwenyekiti ni mvuvi. Mtunza hazina ni mama mwuza samaki, na yule mama mzee wa petroli ni mjumbe wa kamati. Wamo Waadventista, wamo Wakatoliki, wamo wa makanisa ya Roho, na sisi Waanglikana. Hakuna anayelipwa hata senti. Kamati za fuo, yaani BMU, zilikuwapo kwa kanuni za serikali za mwaka 2007, lakini kazi yake ni uvuvi. Ilibidi pawe na watu wa kuuliza habari za mgonjwa wa usiku, gati na njia ya mlimani.

Barua yetu ya kwanza ilipofika katika ofisi fulani, tuliambiwa haikuonekana. Tulipeleka ya pili. Tukaambiwa tumechelewa, bajeti imekwisha kupitishwa. Njiani, katika boti, wengine wakasema basi, tuache, wakubwa hawatusikii. Hapo ndipo somo la pili la leo liliponisaidia.

Fungueni Yoshua, sura ya kumi na saba. Musa amekufa. Israeli wamevuka Yordani, nchi inagawanywa. Je, wale binti watano walitafutwa wapewe urithi wao? Hatusomi hivyo. Twasoma ya kwamba walikwenda tena, wakasimama mbele ya Eleazari na Yoshua na wakuu, wakawakumbusha neno ambalo Bwana alimwamuru Musa. Ndipo wakapewa. Angalieni, wasikilizaji: hukumu ilikuwa imetoka kinywani mwa Mungu mwenyewe, imeandikwa, imekuwa sheria, na bado ilibidi wanawake hao wasafishe miguu yao na kwenda mara ya pili. Kurudi kwao hakukuwa ukosefu wa imani. Walirudi kwa sababu waliamini kwamba lililosemwa lilisemwa kweli.

Nasi tulirudi, lakini safari hii tulijifunza kwanza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 37, yampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba hiyo lataja kazi za serikali ya kaunti, na miongoni mwake zimo huduma za kubeba wagonjwa, na zimo feri na bandari. Tena sheria ya fedha yataka makadirio ya bajeti yafike katika bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili. Anayekuja Juni akilia, amekuja wakati sahani zimeoshwa. Basi tukanunua daftari. Kila mgonjwa aliyevushwa usiku tukaandika siku, saa, bei ya petroli, na muda aliongoja ufuoni. Majina hatukuandika, kwa heshima ya wagonjwa. Mapema mwaka uliofuata tulilipeleka daftari lile, na kwa mara ya kwanza aliyetupokea aliweka kalamu chini akasoma.

Je, tumepata boti ya wagonjwa? La, bado. Tumepata ahadi, nayo tumeiandika katika daftari lile lile pamoja na tarehe yake. Wakati tunangoja, chama kina mtungi wa petroli uliofungiwa kwa kufuli karibu na ufuo, na kila nyumba huuchangia baada ya mauzo ya samaki. Mtungi ule umekwisha kuvusha akina mama kadha wa kadha. Lakini kila tunapoujaza, twajikumbusha kwamba hautuondolei wajibu wa kurudi tena ofisini.

Nisiwafiche, chama kina majaribu yake. Kila ufuo hutaka gati lianze kwake. Wakati wa uchaguzi wagombea huja na fulana na ahadi, wakitaka kutufanya tawi lao. Fedha za mtungi, ijapokuwa ni kidogo, zaweza kuvunja urafiki, kwa hiyo husomwa hadharani kila mwezi. Na kuna kuchoka. Katika mkutano wa kwanza mti haukutosha kivuli. Siku hizi yatosha benchi mbili. Hapo nawakumbuka wale watano. Hawakuwa umati.

Nawe unayenisikiliza, labda kwenu hakuna ziwa. Labda kwenu ni daraja lililobebwa na mafuriko, au kisima kilichokauka, au shule isiyo na mwalimu. Nakuomba mambo matatu. Kwanza, usimsingizie Mungu yaliyo ya petroli. Pili, tafuteni majirani, hata kama ni wanne tu, mseme kweli mbele ya anayehusika. Tatu, mkirudishwa mikono mitupu, rudini tena.

Nilimwendea yule mama mzee nikamwomba radhi. Akacheka, akaniambia, "Pasta, mimi nilikuuliza tu. Kazi ya kujibu ni yako." Bado naendelea kumjibu.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyesikia neno la binti watano mlangoni pa hema, utusikie nasi. Utusamehe pale tuliponyamaza tukaita kunyamaza kwetu imani. Uwafariji wazazi waliozika watoto wao. Wakubwa wetu uwape masikio, nasi utupe ndimi za kweli na miguu isiyochoka kurudi. Uwalinde wote wavukao ziwa usiku huu. Twaomba kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, na Mungu awabariki.