Mweusi, na Tena Mzuri

Ninasema nanyi kutoka Roret, katika nchi ya majani chai. Somo letu la leo latoka katika Wimbo Ulio Bora, mlango wa kwanza, aya ya 5 na ya 6. Kama Biblia iko karibu, ifungue. Kama umekwisha kuweka kikapu mgongoni na uko njiani kwenda shambani, wewe sikiliza tu.

Katika aya hizo msichana anaisema ngozi yake mwenyewe. Anawaambia binti za Yerusalemu kwamba yeye ni mweusi, kisha anataja uzuri wake, na kuwaomba wasimkodolee macho, maana jua limemchoma. Limemchomaje? Ndugu zake walimkasirikia, wakamweka alinde mashamba ya mizabibu, na shamba lake mwenyewe akakosa nafasi ya kulilinda. Huyu tunamjua. Ondoa mizabibu, weka chai, naye ni binti wa hapa kwetu anayetoka alfajiri na kurudi jioni baada ya kupima majani kituoni.

Sasa tazameni neno moja dogo. Biblia yetu ya Kiswahili ya mwaka 1952 inasema kwamba yeye ni mweusi, "lakini" ana uzuri. Nilipokuwa chuo cha theolojia, mwalimu wetu wa Kiebrania alituonyesha kwamba mahali pale pana herufi moja tu, nayo yaweza kuwa "lakini" au "na". Wayahudi wa kale walioyageuza Maandiko kwa Kiyunani waliandika "na". Jerome alipoyageuza kwa Kilatini, mwishoni mwa karne ya 4, aliandika "lakini", na wengi wakamfuata. Mimi naona wale wa kwanza walisikia vizuri zaidi, kwa sababu mara moja msichana anajifananisha na hema za Kedari, zilizofumwa kwa manyoya meusi ya mbuzi, na pia na mapazia ya Sulemani. Mtu anayeona haya hajifananishi na mapazia ya mfalme.

Nisingesumbuka na herufi moja kama isingalikuwa imeniletea mtu mlangoni.

Miaka michache iliyopita mama mmoja kijana alinijia baada ya ibada. Uso wake ulikuwa umekuwa mweupe, ila vifundo vya vidole vilibaki vyeusi kama zamani. Miguu ilikuwa imevimba, na asubuhi hata macho yalivimba. Alidhani amelaaniwa, akataka nimwombee. Nikamwombea. Kisha nikamwuliza, "Mwanangu, umekuwa ukijipaka nini?" Akanyamaza kitambo, akasema, "Mchungaji, unaikumbuka arusi ile? Ulishika maikrofoni ukamwambia bwana arusi amepata mweupe, taa ya nyumba. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bibi arusi."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimesema hivyo ili watu wachangamke.

Tulikwenda naye hospitali, na kikopo chake mkononi. Mkojo ulipopimwa ulionekana una protini nyingi. Figo zilikuwa zikivuja. Jambo hili si geni katika Kenya. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapa habari za Waafrika wazima 60 waliougua figo kwa namna hiyo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia mafuta ya kujichubua yenye zebaki. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake. Haikai juu ya ngozi, bali huingia katika damu, hufika kwenye figo, na kwa mama mwenye mimba au anayenyonyesha humfikia mtoto pia. Dawa nyingine, haidrokwinoni, ikitumiwa muda mrefu yaweza kuacha madoa ya rangi ya samawati na nyeusi, ndiyo kusema mtu huikimbia rangi yake akaangukia nyingine asiyoitaka. Serikali imepiga marufuku vitu hivi, na Mkataba wa Minamata wa 2013 umekataza zebaki katika vipodozi vya kung'arisha ngozi. Lakini vikopo bado huuzwa, vingine bila hata karatasi ya kueleza kilichomo.

Na rangi yenyewe ni nini? Madaktari huiita melanini. Chembe zinazoitengeneza zinakaribia kuwa sawa kwa idadi katika mwili wa Mzungu na wa Mkipsigis. Tofauti ni kiasi na aina ya rangi inayotengenezwa. Hapa kwetu, karibu na Ikweta na juu milimani, hewa ni baridi lakini miale ya jua ni mikali, na melanini ni kama mwavuli. (Jirani yetu mwenye ualbino hana mwavuli huo. Yeye anahitaji kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Tusimnyime, wala tusimcheke.)

Tena nawauliza walimu wa shule ya Jumapili. Mnajua kile kitabu kisicho na maneno, chenye kurasa za rangi tu. Mwaka 1866 mhubiri Spurgeon wa London alihubiri juu ya kurasa tatu kama hizo: nyeusi ni dhambi, nyekundu ni damu, nyeupe ni moyo uliooshwa. Nia yake ilikuwa njema. Lakini mtoto wa Roret akiona ukurasa ule mweusi, kisha akatazama mkono wake, atawaza nini? Semeni giza, semeni uchafu, maneno yapo.

Mama zetu hawakuhitaji Kiebrania. Wao husugua kibuyu kwa mkaa wa senetwet mpaka ndani kuwe cheusi, ndipo wamimine maziwa, na mgeni akiletewa mursik haambiwi kwamba ina mkaa lakini ni tamu. Huo mkaa ndio utamu wake.

Wengine watasema kuutunza mwili ni anasa. Siamini hivyo. Yule msichana analalamika kwamba shamba lake mwenyewe halikulindwa, na Bwana wetu alipotuamuru kumpenda jirani, kipimo alichotoa ni jinsi tunavyojipenda wenyewe. Basi dada, oga, jipake mafuta ya kawaida ngozi ikiwa bado na unyevu, vaa kofia shambani, pumzika. Na ninyi wanaume mnaotafuta "mweupe", mimi nilikuwa mwenzenu.

Yule mama aliacha kikopo. Uvimbe ulipungua polepole kwa miezi mingi, na rangi yake imerudi, ila bado anakwenda kupimwa. Siku hizi nikifungisha ndoa, namtaja bibi arusi kwa jina lake na kwa jina la wazazi wake.

Tuombe. Bwana, mwangalie dada anayesikiliza sasa, na kikopo chake kimefichwa nyuma ya pazia. Umwondolee haya. Umpe mtu wa kwenda naye hospitali, leo, hata kama majani hayajapimwa. Amina.