MAHANDAKI YA SALAITA

(Hotuba iliyosomwa jioni ya Jumamosi mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Tunaichapa kwa ombi la wenzetu ambao hawakuweza kufika. – Mhariri)



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze jioni hii, aliniambia nichague jambo lolote ila siasa. Nimechagua mashimo. Naona wengine mnacheka, lakini mashimo ninayoyasema mnayajua. Ni mahandaki ya vita vya 1914 hadi 1918, yaliyotapakaa katika nyika hii kutoka Maktau mpaka Taveta, ambayo sote tuliyapita ndani ya basi kila tulipofunga shule, wala hakuna aliyegeuza shingo kuyatazama.

Mimi kazi yangu ilikuwa kupima ardhi. Tangu nistaafu nimekuwa nikitembea huko kwa miguu, mimi na kijana mmoja wa kuchunga ng'ombe ambaye macho yake yamenipita mbali, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza historia, kwa ufupi. Vita vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani, au Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, walivuka mpaka kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania bara wakauteka mji wa Taveta tarehe 15 ya mwezi huo. Walikaa hapo mwaka mmoja na nusu. Maili saba au nane mbele ya Taveta kiko kilima cha Salaita, wakakifanya ngome yao. Kutoka upande huo vikosi vyao vidogo vilikuwa vikipenya nyikani usiku, vimebeba baruti, kwenda kuivunja reli ya Uganda. Waingereza nao wakaanza mwaka 1915 kujenga reli nyingine kutoka Voi kuja Taveta, wakaweka kambi kubwa Maktau, halafu Mbuyuni. Maji hayakuwepo. Ilibidi yaletwe kwa mabomba kutoka milima ya Bura.

Kuna watu watakaokuambia kwamba jina Salaita limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya machinjo, kwa sababu ya watu waliouawa pale. Siiamini hadithi hiyo. Maofisa wao walikuwa wakiliandika jina hilo katika taarifa zao kabla ya siku ya mapigano, na kilima hakiwezi kupewa jina la vita ambavyo havijapiganwa.

Sasa niwaeleze handaki lenyewe. Ukifika chini ya kilima saa sita mchana huoni kitu ila migunga, majani makavu na udongo mwekundu. Nenda saa moja asubuhi, au saa kumi na moja jioni, wakati jua limelala. Hapo kivuli kitakuonyesha mfereji unaokwenda kombo, kulia kisha kushoto, kama nyoka aliyekanyagwa. Mahali pengine mvua za miaka zaidi ya 100 zimeufukia mpaka umebaki kina cha goti. Pengine mtu akiingia, aliye nje anaona kofia tu. Kombo zile si uvivu wa wachimbaji. Mfereji ulionyooka ni kaburi: adui akiufikia mwisho mmoja na bombomu, risasi zitawapitia wote waliomo kama uzi upitavyo katika shanga. Ukiwa na kona, mzinga ukiangukia kipande kimoja, waliomo kipande cha pili wanapona.

Lakini jambo lililonifanya nivue kofia ni mahali walipochimba. Mtu yeyote akiambiwa alinde kilima atapanda juu. Wajerumani walichimba mahandaki juu pia, yakaonekana vizuri kutoka mbali, na udongo wake mwekundu umemwagwa nje. Hayo yalikuwa ya kudanganyia. Mahandaki ya kweli waliyaweka chini, kwenye mguu wa kilima, nyuma ya miiba, bila ya lundo la udongo mbele yake. Anayeyatazama kwa darubini kutoka Mbuyuni haoni kitu.

Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walikuja na watu kama 6,000. Walikuwa wameambiwa kwamba kilimani kuna watu 300 tu, hawana mizinga. Kwa kweli walikuwapo zaidi ya 1,000, na wengi wao ni askari Waafrika. Mizinga ya Waingereza ikakipiga kilele kwa bidii sana, ikayavunjavunja yale mahandaki ya udanganyifu. Kisha wakatangulia askari wa Afrika Kusini, vijana Wazungu waliokuwa wageni katika nchi hii, ambao siku chache kabla yake walikuwa wakiwadharau askari weusi na hata Wahindi waliokuwa upande wao wenyewe. Risasi ziliwatokea miguuni, si juu. Kikosi kingine cha Wajerumani kikawazukia kutoka msituni, wakavunjika na kurudi nyuma. Waliowakinga wakati wanarudi walikuwa Wabaluchi wa jeshi la Bara Hindi. Afrika Kusini peke yake ilihesabu zaidi ya watu 130 waliouawa, waliojeruhiwa au waliopotea asubuhi ile. Nadhani dharau nayo ilipungua kwa kiasi hicho hicho.

Mwezi uliofuata alikuja Jenerali Smuts. Alizunguka kaskazini, upande wa ziwa Chala, na Wajerumani walipoona wanakatiwa njia ya nyuma, wakayaacha mahandaki yao. Ngome iliyowashinda watu 6,000 ikaachwa.

Nimeulizwa sana habari ya njia ya chini kwa chini. Tulipokuwa kidato cha pili ilisemekana kwamba liko shimo linaloingia Salaita na kutokea Taveta. Njia hiyo haipo. Watu waliokuwa na usiku mzima wa kutembea juu ya ardhi, nyika yote ikiwa mikononi mwao, walikuwa na haja gani ya kuchimba maili nane? Na yule mwanamke wa Kijerumani anayesemwa kwamba alijificha ndani ya mbuyu akiwadengua Waingereza ili kulipiza kisasi cha mumewe, mimi namwachia mbuyu wake. Ni hadithi nzuri, haimdhuru mtu.

Hadithi inayodhuru ni ile ya hazina. Ndugu zangu, hili ndilo lililonileta hapa. Safari yangu ya mwisho niliukuta mfereji mmoja, uliokuwa mzima mwaka uliotangulia, umefumuliwa kwa sururu kama shamba la viazi. Wanatafuta dhahabu ya Mdachi. Dhahabu hiyo kweli ilikuwapo: Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Lakini walizipiga Tabora, kuanzia Aprili 1916. Salaita waliiacha mwezi Machi. Mtu hawezi kufukia Machi sarafu iliyopigwa Aprili. Waambieni hivyo vijana wenu, na muwaambie pia kwamba kilichobaki chini ya udongo ule ni maganda ya risasi na huenda mzinga ambao haujalipuka. Chuma cha namna hiyo hakizeeki kwa adabu.

Mtaniuliza, mfereji ukiharibika kuna hasara gani? Nitajibu kwa kuwapeleka Voi. Pale makaburini yuko Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, aliyekufa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Alikuwa amejeruhiwa mguu, akakataa kubebwa ili asiwaache majeruhi wenziwe, akauawa pamoja nao. Alipewa Victoria Cross. Ana jiwe lake, jina lake limechongwa, na anastahili.

Sasa nionyesheni jiwe la mpagazi. Watu waliobeba maji, unga na risasi za jeshi lile, waliofyeka miiba, waliochimba na kubeba mawe ya ngome za Maktau, walichukuliwa kutoka kila pembe ya nchi yetu, wengi kwa nguvu. Kikosi chao ndicho kilichotuachia jina Kariakoo. Waliokufa ni makumi ya maelfu, na wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, homa na nimonia, na kwa unga wasiouzoea uliopikwa nusu. Pale Nairobi iko sanamu yao, nzuri sana, haina jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba Waafrika hao waliachwa bila majina kwa sababu ya ubaguzi. Miaka zaidi ya 100 baadaye, lakini imekiri.

Ndugu mmoja wa babu yangu alikuwa miongoni mwao. Alichukuliwa sokoni, ameshika mkungu wa ndizi, wala hakurudi. Hatuna kaburi lake. Jina lake ndilo jina langu la pili, mnaliona kwenye ratiba ya leo. Ninapoingia katika handaki la Maktau na kuona mawe yalivyopangwa, kubwa chini, dogo juu, jinsi baba zetu walivyopanga kuta za mashamba mlimani, ninajua kwamba mkono uliopanga haukuwa wa Mwingereza. Hayo mawe ndiyo saini pekee waliyoacha.

Wala wote hawakuwa wapagazi. Kusini-mashariki ya Maktau uko mlima Kasigau. Mwaka 1915 Wajerumani waliishambulia kambi ndogo ya Waingereza pale, na Waingereza wakawatuhumu wenyeji kuwa ndio waliowaonyesha njia. Vijiji vikachomwa moto, watu wote wakahamishwa mpaka Malindi. Wengi walikufa huko kwa njaa na homa, na waliosalia waliruhusiwa kurudi mlimani katika miaka ya 1930. Wenzetu wa Kasigau mlio humu ukumbini mnayajua haya kuliko mimi, na ningependa kuyasikia kwenu badala ya kuyasoma.

Basi nimalizie na habari za kesho. Basi litaondoka langoni saa kumi na mbili na nusu, wala halitamngoja mtu, hata awe mwalimu mkuu mstaafu. Vaeni viatu vya kufunga, maana miiba ya pale haijui cheo. Kila mmoja achukue maji yake. Ndovu hupita upande ule, kwa hiyo hakuna kutangulia mbele ya kijana wangu wa ng'ombe. Ukiona chuma chochote usikiguse wala usikipige teke, niite. Mahandakini tutaingia kwa kupitia mwisho, hatutashuka kwa kuruka ukingo, kwa sababu udongo unabomoka.

Na aliye na mpagazi katika ukoo wake, Katibu ameweka daftari pale mezani karibu na birika la chai. Andikeni jina lake, kijiji chake, na nani aliyekusimulia. Mpaka niliposimama kuzungumza yalikuwa yameandikwa majina manne.