Ua la Mwavuli Vilimani Kwetu



Leo tunataka kuzungumza juu ya mti mmoja wa vilima vya mawe hapa Dodoma. Mtasema, "Miti tunaijua tangu utoto, mtatufundisha nini?" Ni kweli. Mama wa Kigogo akienda kuchuma mlenda porini hakosei. Anatazama jani, anashika shina, ananusa. Basi ujuzi huo huo tuutumie kwa mti uliotushinda.

Kiangazi kilichopita mama mmoja wa darasa letu alipewa magome na jirani. Mtoto wake alikuwa akikohoa. Jirani alisema, "Ni mnyongapembe huo, chemsha." Mama akaja nayo darasani, akauliza, "Jamani, ni wenyewe?" Mmoja akasema ndiyo. Mwingine akasema siyo, huo ni mti wa jamii ya manemane. Tukabishana mpaka kibatari kikaisha mafuta. Hakuna aliyekuwa na hakika. Basi magome hayakuchemshwa, na mtoto akapelekwa zahanati.

Kwa nini tulishindwa? Miti hii inafanana sana wakati wa kiangazi. Yote hupukutisha majani. Gome hubanduka jepesi kama karatasi. Ukikata tawi ukalichomeka ardhini, huota. Ndiyo maana watu huipanda kuwa wigo. Anayetazama gome peke yake atakosea, hata awe mzee wa mlimani.

Kinachokata ubishi ni ua. Mnyongapembe huchanua mwisho wa kiangazi, kabla ya majani kutoka. Maua yake ni madogo, meupe yenye ukijani. Vijiti vya maua huanza mahali pamoja, kisha hutawanyika kama mbavu za mwavuli. Tena kila kijiti kina mwavuli mwingine mdogo kichwani. Manemane haina mwavuli kama huo. Tunda nalo husaidia: la mnyongapembe ni bapa, lina mabawa mawili membamba, la manemane ni la mviringo, lina kokwa ndani. Mvua zikinyesha tazama majani. Vijani vya mnyongapembe hukaa wawili wawili, na kimoja mwishoni, na kingo zake zina meno. Vifikiche, unuse. Vinanukia karoti!

Harufu hiyo si ya bure. Mti huu ni wa ukoo mmoja na karoti na giligilani ya pilau. Panda punje chache za giligilani uziache zichanue, utaona mwavuli ule ule bustanini. Wataalamu huuita mti huu Steganotaenia araliacea. Jina ni refu, lakini ni moja dunia nzima, wakati majina yetu hubadilika ukivuka kilima.

Hapa tusimame kidogo. Mtu asije akasema, "Nimeona mwavuli, basi ni chakula," au "ni dawa." Katika ukoo huu huu wa karoti kuna mimea ya sumu kali. Mwaka 399 kabla ya Kristo, huko Ugiriki, mwalimu Sokrate alihukumiwa kufa, akanyweshwa sumu ya mmea wa ukoo huu. Mwavuli unakuonyesha ukoo tu. Haukuambii ni nani katika ukoo, wala kama analika.

Mwezi wa Oktoba tulipanda kilimani pamoja na jirani yule. Mti aliotoa magome ulikuwa bado mtupu, hauna ua. Hatua chache mbele yake mwingine ulikuwa umejaa miavuli, nyuki wanavuma. Jirani alitazama huu, akatazama ule, akanyamaza. Tulifunga kamba nyekundu kwenye ule wenye miavuli. Desemba tulirudi, jirani akafikicha jani, akanusa, akampa mama yule naye anuse. Halafu akaomba kalamu, akaandika jina la mti kwa Kigogo kwenye daftari la darasa, kwa mkono wake mwenyewe.