Haki ya Mjane na Msaada wa Sheria

 

Enyi Waislamu, katika Surat An-Nisaa Mwenyezi Mungu amemwekea mjane fungu lake: robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, thumuni ikiwa ameacha. Hesabu hiyo twaisomesha madrasani. Lakini mjini Dar es Salaam twamwona bibi kizee akitolewa nyumbani kabla mirathi haijagawanywa, kwa kuwa hati iko mkononi mwa shemeji naye hana fedha ya wakili. Huambiwa asubiri. Subira ya kuilea dhulma inayoweza kuondolewa, sisi hatukuisoma katika kitabu chochote.

Basi jueni kwamba Tanzania Bara inayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kwa sheria hiyo asiye na uwezo husaidiwa bila malipo, hata katika mashauri ya mirathi, ndoa na ardhi. Wapo pia wasaidizi wa kisheria. Hao si mawakili, lakini humweleza mtu njia ya kupita. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimo katika kazi hii tangu 1995.

Cheti cha kifo, cheti cha ndoa na barua ya serikali ya mtaa viwekwe pamoja mapema. Na mzee asiende peke yake. Kijana ajuaye kusoma afuatane naye, amsomee kila karatasi kabla hajatia dole gumba.